Alfred Dunhill: Fundi wa hatamu aliyeigeuza nukta nyeupe kuwa mali

Katika miji mingi ya Afrika na kwingineko duniani, jina la Dunhill linafahamika kwa sababu ya pakiti ya sigara. Hata hivyo mtu aliyekuwa na jina hilo, Alfred Dunhill wa London, hakujipatia sifa yake kwa sigara. Sifa hiyo ilitokana na kiko, chombo kidogo cha mti kinachoenea katika kiganja cha mkono, chenye nukta moja nyeupe isiyozidi ukubwa wa punje ya mtama.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu alipofariki, na uvutaji wa kiko umebaki kuwa desturi ya watu wachache. Lakini viko vilivyotoka katika karakana yake vingali vikitafutwa, vikichunguzwa kwa kioo cha kukuzia na kununuliwa kwa bei ambayo wengi wangeilipa kwa kito cha thamani.

Waswahili husema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya Alfred Dunhill yanaipa methali hiyo mtihani mgumu. Kitu alichokitengeneza kilikuwa chema kwa kiwango cha ufundi, lakini hakukiacha kijiuze chenyewe hata siku moja. Na kile alichokitembeza kwa ustadi mkubwa kilikuwa ndani yake na madhara ambayo mteja hakuambiwa.

Mtoto wa duka la hatamu

Alfred Dunhill alizaliwa tarehe 30 Septemba 1872 huko Hornsey, kaskazini mwa London. Baba yake, Henry Dunhill, alikuwa na biashara ya hatamu na matandiko ya farasi katika barabara ya Euston. Wakati huo mji wa London uliendeshwa kwa farasi. Mabasi, magari ya mizigo, magari ya kukodi na ya matajiri yote yalikokotwa na wanyama hao, na aliyeuza hatamu hakuwa na sababu ya kuihofia kesho yake.

Alfred aliingizwa katika biashara hiyo akiwa na umri wa miaka 15, kujifunza kazi kama vijana wengine wa ufundi. Alijifunza kuitambua ngozi nzuri kwa kuigusa, kushona mshono usioachia, na kutofautisha kati ya mteja anayenunua kwa haja na yule anayenunua ili aonekane. Mwaka 1893, akiwa na miaka 21, alikabidhiwa duka. Katika ukoo huo alikuwamo pia mdogo wake Thomas, aliyefuata njia nyingine kabisa na kuwa mtunzi wa muziki anayejulikana nchini Uingereza. Mdogo wake mwingine, Herbert, alikuja baadaye kuwa mshika fedha na mshauri wa biashara ya kaka yake.

Alfred alioa, na yeye na mkewe Alice wakapata wana watatu na binti mmoja, Mary. Kwa kawaida ya zama zile, maisha yake yangeishia hapo: duka la baba, watoto wa kulirithi, na farasi wasiokwisha barabarani.

Lakini farasi walianza kwisha. Hadi mwaka 1896 sheria ya Uingereza ilitaka gari lisilokokotwa na mnyama litanguliwe na mtu atembeaye kwa miguu mbele yake. Mwaka huo sharti hilo liliondolewa, na magari ya injini yakaanza kuingia barabarani, kwanza kama michezo ya matajiri, kisha kama vyombo vya safari. Wauza hatamu wengi waliyatazama kama upepo utakaopita. Dunhill aliona kwamba aliyeketi ndani ya gari jipya alikuwa mtu yuleyule aliyekuwa juu ya farasi, mwenye fedha zilezile, na kwamba sasa alikuwa na mahitaji mapya ambayo hakuna duka lililoyashughulikia.

Kila kitu isipokuwa injini

Magari ya mwanzo hayakuwa na paa wala kioo cha mbele. Dereva na abiria walipigwa na mvua, vumbi na baridi. Dunhill aliuza makoti mazito ya ngozi, miwani ya kukinga vumbi, glavu, taa, honi, saa na masanduku ya chakula cha safarini. Biashara hiyo aliipa jina la Motorities, na mwanzoni mwa karne ya 20 akafungua duka katika mtaa wa Conduit, karibu na maduka ya watu wenye uwezo. Tangazo lake lilidai kwamba alikuwa na kila kitu cha gari isipokuwa injini yenyewe.

Katika bidhaa zake ilikuwamo miwani maalumu ambayo, kwa mujibu wa matangazo, ilimsaidia dereva kumtambua askari polisi aliye mbali kabla ya kukamatwa kwa mwendo wa kasi. Kasi yenyewe haikuwa kubwa, kwani sheria ya mwaka 1903 iliweka kikomo cha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Haijalishi sana kama miwani ile ilifanya kazi iliyotajwa. Aliyeinunua alipata pia kisa cha kuwachekesha wenzake mezani, na Dunhill alikwisha kufahamu kwamba mteja hulipia kisa pamoja na kifaa.

Ni gari lililompeleka kwenye kiko. Madereva waliopenda kuvuta walilalamika kwamba upepo uliizima tumbaku, au uliichochea hadi cheche zikaruka usoni. Mwaka 1904 Dunhill alisajili hataza ya kiko chenye ukingo ulioinuka upande wa mbele, kama kioo kidogo cha kukinga upepo. Hakikuwa kiko kizuri kwa sura, lakini kiliwavutia wateja wake, na kilimfungulia mlango wa biashara ambayo hakuwa ameifikiria.

Daftari la mtaa wa Duke

Mwaka 1907 Dunhill alifungua duka la tumbaku katika mtaa wa Duke, eneo la St James's. Mahali penyewe palichaguliwa kwa hesabu. Jirani yake palikuwa na vilabu vya mabwana, washona suti na wauza mvinyo, na wapita njia walikuwa watu waliozoea kushonewa nguo kwa vipimo vyao wenyewe.

Dunhill aliichukua desturi hiyo ya mshona nguo na kuihamishia kwenye tumbaku. Badala ya kumuuzia mteja mchanganyiko uliokwisha kufungwa, alimuuliza anachopenda, kisha akachanganya mbele yake majani ya Virginia, majani ya Mashariki kutoka nchi za Waturuki, na Latakia, tumbaku nyeusi iliyopewa jina la mji wa bandari wa Syria na kukaushwa kwa moshi wa kuni. Mteja aliporidhika, mchanganyiko uliandikwa katika daftari kubwa na kupewa nambari. Tangu hapo angeweza kuagiza kwa barua kutoka popote alipo na kuletewa tumbaku ileile.

Daftari lile lilikuwa kumbukumbu ya kazi, na papo hapo lilikuwa uzi wa kumfunga mteja. Aliyekuwa na nambari yake mtaa wa Duke hakuona sababu ya kununua kwingine, hata kama majani yaliyomo yalipatikana katika maduka kumi. Mchanganyiko mmoja, nambari 965, ulitoka katika daftari hilo na kuuzwa kwa umma kwa miaka mingi baadaye, na wavutaji wa kiko katika mabara mbalimbali wameutaja kwa nambari hiyo kana kwamba wanamtaja mtu.

Kasoro iliyobaki ilikuwa viko vyenyewe. Vilitoka kwa watengenezaji wengine, na Dunhill hakuridhika navyo. Aliona kwamba vingi vilitengenezwa kwa haraka, vikapakwa rangi nzito na vanishi ya kung'aa iliyoficha nyufa, na baada ya muda mfupi vikaungua au kupasuka. Mwaka 1910 alianzisha karakana ndogo yake mwenyewe. Miongoni mwa mafundi aliowapata alikuwa Joel Sasieni, aliyetoka kwa Charatan, mtengenezaji wa viko mwenye sifa London.

Mti wa milimani

Kiko bora cha Ulaya hutengenezwa kwa mti uitwao kitaalamu Erica arborea. Mti huo huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki na Kati, ikiwemo Kilimanjaro na Rwenzori, lakini malighafi ya viwanda imekuwa ikitoka kwenye vilima vikavu vinavyoizunguka bahari ya Mediterania: Algeria, Corsica, Calabria kusini mwa Italia, na Ugiriki.

Sehemu inayotumika ni kifundo kinachovimba kati ya mizizi na shina. Mti hukijenga kifundo hicho kwa miongo mingi, ukihifadhi ndani yake maji na chakula cha kuuvusha kiangazi na moto wa msituni. Kwa sababu hiyo ni kigumu, chepesi, na kinastahimili joto kuliko miti mingi. Wakataji hukichimba, wakakikata vipande, wakavichemsha kwa saa nyingi kutoa utomvu mchungu, kisha wakaviacha vikauke polepole kwa miezi. Hata hivyo fundi hawezi kujua kilichomo hadi aanze kuchonga. Kipande kinachoonekana safi kinaweza kuwa na tundu la mchanga au jiwe ndani yake, na kazi ya siku nzima ikatupwa.

Wapwa wa Afrika Mashariki walikuwa na majina ya sehemu za kiko muda mrefu kabla ya viko vya London kufika kwao. Bori ni mahali pa kutilia tumbaku, digali ni mrija unaoshuka kutoka kwenye bori, kiko chenyewe ni kibuyu chenye maji, na shilamu ni mrija unaotiwa mdomoni. Kiko cha mti cha Ulaya hakina kibuyu wala maji. Kina bori lililochongwa pamoja na mkono wake, na shilamu iliyochomekwa kwenye mkono huo. Moshi haupozwi na maji, kwa hiyo kila kitu hutegemea ubora wa mti na usahihi wa tundu.

Katika karakana ya Dunhill, vipande vyenye dosari kubwa vilikataliwa, na vilivyochongwa vilitiwa mafuta na joto ili utomvu uliobaki utoke, vikapanguswa, kisha vikarudiwa. Shilamu zilikatwa kwa mkono kutoka kwenye mpira mgumu mweusi, wakati viwanda vingi vilitumia zilizomiminwa katika kalibu. Mwaka 1912 Dunhill alisajili pia hataza ya mrija mdogo wa aluminiamu wa kuwekwa ndani ya kiko ili kukiweka safi. Rangi ya kwanza ya nyumba hiyo ilikuwa nyekundu iliyokolea, iliyoitwa Bruyere, neno la Kifaransa la mti huo. Bei iliwekwa juu kuliko ya wengine, kwa makusudi.

Nukta isiyo na siri

Nukta nyeupe ilizaliwa kutokana na tatizo dogo la kiufundi. Shilamu ya kiko kilichonyooka ilikatwa kwa usawa kiasi kwamba mteja aliyeichomoa kusafisha hakujua upande upi ni wa juu anapoirudisha. Akiipindua, haikukaa sawasawa. Yapata mwaka 1912 mafundi walianza kuweka nukta nyeupe upande wa juu. Maana yake ilikuwa hiyo tu.

Lakini nukta nyeupe juu ya mpira mweusi huonekana kutoka mbali. Katika ukumbi wa klabu au ndani ya treni, mtu aliweza kujua kiko cha mwenzake kimetoka wapi bila kuuliza. Dunhill hakuchelewa kuliona hilo. Alama iliyowekwa kumsaidia mwenye kiko ikaanza kuwasemesha wanaomtazama, na matangazo ya nyumba hiyo yakaibeba. Wengine nao waliuona uzito wake. Joel Sasieni alipojitenga mwaka 1919 na kuanzisha karakana yake, naye aliweka nukta kwenye shilamu zake, na hatimaye viko vyake bora vikajulikana kwa nukta nne.

Hakuna siri yoyote ndani ya nukta hiyo. Haimwongezei mvutaji ladha, haipozi moshi, wala haizuii bori lisiungue. Lakini iliwekwa juu ya chombo kilichofanyiwa kazi kwa uaminifu, na kwa sababu hiyo ikaaminiwa. Jambo hilo halikuwa rahisi kuiga, ingawa nukta yenyewe ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote.

Mahandaki na gamba

Vita Kuu ya Kwanza, iliyoanza mwaka 1914, ilieneza viko vya mtaa wa Duke kuliko tangazo lolote. Maafisa waliokuwa wateja wa duka waliagiza tumbaku na viko kutoka katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na vifurushi vikafungwa London na kupelekwa huko. Kwa mtu aliyeketi siku nzima ndani ya matope akisubiri kuamriwa kwenda mbele, tumbaku iliyochanganywa kwa nambari yake ilikuwa kipande cha maisha aliyoyaacha nyumbani. Maafisa wa nchi nyingine waliiona nukta nyeupe mikononi mwa wenzao. Mtoto wa kwanza wa Dunhill, Alfred Henry, naye alikwenda vitani na kutunukiwa nishani ya ushujaa.

Ni katika miaka hiyo ya vita ambapo nyumba hiyo ilisajili uvumbuzi wake mkubwa zaidi. Husimuliwa kwamba bori moja lilisahauliwa karibu na tanuri la kupasha joto, na lilipopatikana baadaye sehemu laini za mti zilikuwa zimenywea, huku zile ngumu zikibaki zimeinuka kama matuta. Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au kilipambwa, hataza iliombwa mwaka 1917. Bori lilitiwa mafuta na joto, kisha likapulizwa mchanga kwa nguvu ili sehemu laini ziliwe na ngumu zibaki. Kiko kilichopatikana kilikuwa cheusi, chepesi, chenye mikunjo kama ya kombe la baharini. Kiliitwa Shell, yaani gamba. Mti wa Algeria, uliokuwa laini kidogo, ulifaa sana kwa kazi hiyo.

Faida ya gamba ilikuwa mbili, na moja tu ndiyo iliyotangazwa. Mteja aliambiwa kwamba mikunjo hiyo inaongeza eneo la kutolea joto. Hakuambiwa mara nyingi kwamba kupuliza mchanga kunaondoa pia dosari ndogo za juu ya mti, na hivyo kuokoa vipande ambavyo visingefaa kung'arishwa. Kitu kilichoanza kama njia ya kutumia mti usio kamili kikawa bidhaa inayotamaniwa kwa sura yake. Wakusanyaji wa leo huzitafuta Shell za miaka ya mwanzo, zenye mikunjo mirefu, kuliko viko vingi vilivyo laini.

Kileleni, kisha mlangoni

Miaka ya 1920 ilikuwa ya ushindi. Mwaka 1921 Dunhill alipata hati ya kuwa muuza tumbaku wa Mwanamfalme wa Wales, ambaye baadaye alitawala kwa muda mfupi kama Mfalme Edward wa 8. Maduka yalifunguliwa New York na Paris. Mwaka 1924 kampuni ilianza kuuza kiberiti cha petroli kilichoweza kuwashwa kwa mkono mmoja, ambacho mfano wake wa kwanza uliundwa ndani ya kopo la haradali. Mwaka huohuo Alfred alitoa kitabu kuhusu historia ya viko duniani. Ndani yake alieleza mashimo ya ardhini yaliyotumika kuvutia moshi, viko vya mawe vya wenyeji wa Amerika, viko vya maji vya Asia na viko vya Afrika vya udongo, vibuyu na pembe. Alikuwa amekusanya vingi vya aina hiyo yeye mwenyewe. Mtu aliyewauzia wengine tamaa ya kukusanya alikuwa ameshikwa nayo pia.

Kisha, mwishoni mwa muongo huo, aliondoka. Alijiuzulu uongozi wa kampuni akiwa bado hajafikisha miaka 60. Aliiacha pia ndoa yake ya zaidi ya miaka 30 na kwenda kuishi na mwanamke mwingine kusini mwa Uingereza. Kwa familia ambayo jina lake lilikuwa limeandikwa kwa dhahabu juu ya milango ya maduka, lilikuwa pigo zito. Binti yake Mary, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1979 kuhusu biashara ya ukoo wao, hakulificha.

Kazi ilibaki kwa wengine. Herbert alichukua uongozi, akifuatiwa na Alfred Henry, na mapema katika miaka ya 1960 Mary mwenyewe akawa mwenyekiti, nafasi ambayo wanawake wachache sana wa zama zake waliishika katika kampuni za London. Ndugu hao na wafanyakazi wao ndio waliolivusha jina katika Vita Kuu ya Pili. Mwezi Aprili 1941 bomu la ndege za Ujerumani lililibomoa duka la mtaa wa Duke. Siku zilizofuata meza iliwekwa nje, penye kifusi, na viko vikaendelea kuuzwa. Picha ya meza hiyo ilitumika baadaye mara nyingi, kwani hata maafa yalipata nafasi yake katika simulizi la chapa.

Alfred Dunhill hakuwapo kwenye picha hiyo. Alikuwa mstaafu, mbali na London. Alifariki tarehe 2 Januari 1959 huko Worthing, katika pwani ya kusini, akiwa na umri wa miaka 86.

Jina lililobaki bila mwenyewe

Alipofariki, hesabu nyingine ilikuwa imeanza. Mwaka 1950 watafiti wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha matokeo yaliyoonyesha uhusiano kati ya uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Kiko nacho hakikusalimika. Mvutaji wa kiko asiyemeza moshi hujiweka katika hatari ya saratani ya mdomo, koo na umio, hata kama mti ni wa Corsica na nukta ni nyeupe. Ufundi uliondoa uchungu wa utomvu ndani ya bori, lakini haukuondoa sumu iliyomo ndani ya tumbaku.

Mwaka 1967 kampuni ya sigara ya Carreras ilipata udhibiti wa Dunhill, na jina likasambaa duniani kwenye pakiti. Leo limegawanyika. Sigara ni za British American Tobacco, na nguo na bidhaa za ngozi ni za kundi la Richemont la Uswisi. Mtu anaweza kununua mkoba, suti au pakiti ya sigara yenye jina hilo bila kujua kwamba lilikuwa la mtoto wa muuza hatamu.

Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003, unazitaka nchi wanachama kupiga vita matangazo yake. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo katika mkataba huo. Uingereza yenyewe, kuanzia mwaka 2016, imeamuru pakiti zote za sigara ziwe za rangi moja iliyofifia, bila nembo wala pambo. Nchi ilikozaliwa nukta nyeupe imekiri kwa sheria kwamba alama nzuri juu ya tumbaku ina nguvu ya kumshawishi mtu dhidi ya afya yake.

Wakati huohuo wakusanyaji wanaendelea na uchunguzi wao. Wanasoma nambari za hataza zilizogongwa kwenye mti, na tarakimu ndogo inayofuata maneno ya kuthibitisha kwamba kiko kimetengenezwa Uingereza, kwani ndiyo inayoonyesha mwaka. Wapo wanaotafuta kiko cha mwaka waliozaliwa, na wapo wanaobishana bila suluhu kama ladha ya Shell ya zamani inatokana na mafuta, mti wa Algeria, au fikra za mvutaji. Baadhi yao hutafuta pia viko vilivyotengenezwa Arusha tangu miaka ya 1950 kwa jiwe jeupe la Amboseli, ambavyo baadhi viliuzwa kwa jina la Kiko, neno la Kiswahili lisilohitaji maelezo. Wengi wao hawavitii moto viko hivyo. Huvifuta vumbi, huvipanga kabatini na kuvitazama.

Huenda hapo ndipo kazi ya Alfred Dunhill inapoonekana bila moshi wa kuifunika: mti uliochaguliwa vizuri, tundu lililotobolewa sawasawa, na nukta iliyowekwa ili mtu asikosee upande wa juu. Yaliyoongezwa baadaye juu ya nukta hiyo, heshima, bei na fahari ya kuonekana nayo, yaliongezwa na muuzaji na mnunuzi kwa pamoja.